Mhariri, sake si gongo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nisahihishe neno moja. Jumapili iliyopita mwandishi wenu wa makala za safari, akieleza vyakula na vinywaji vya Japani, aliiita sake, pombe yao ya mchele, "gongo ya Wajapani", akaongeza kuwa ni kali na inachoma koo. Niliyasoma hayo nimesimama dukani nikisubiri chenji, nikajikuta nalinunua gazeti ambalo sikuwa na mpango nalo.

Sake si gongo. Haikenekwi. Hakuna pipa juu ya moto, hakuna bomba, hakuna mvuke unaogeuka matone. Inachachuka tu kama mbege, pombe ya ndizi na ulezi ya mama yangu, na ikimaliza kuchachuka inakamuliwa. Kileo chake kwa kawaida ni asilimia 15 au 16, yaani inaipita divai ya zabibu kidogo. Kama mwandishi wenu anamtafuta ndugu wa gongo huko Japani, yupo, anaitwa shochu. Hiyo ndiyo inayokenekwa, na chupa zake nyingi zimeandikwa asilimia 25. Kuziita zote mbili kwa jina moja ni sawa na kusema mchele na pumba ni kitu kimoja kwa kuwa vimetoka kwenye mpunga.

Ningeweza kuishia hapo, na pengine mngefurahi, maana barua fupi ndizo mnazozipenda. Lakini najua mtu atauliza: Bibi Shamba wa Chekereni ameijulia wapi sake? Nimeijulia darasani, kwa ada niliyolipa mwenyewe, na daftari ninalo.

Mimi ni afisa ugani wa mpunga. Nimezeekea kwenye majaruba ya Lower Moshi, mradi wa umwagiliaji ambao Wajapani walisaidia kuujenga ukakamilika mwaka 1987, na nimehimiza mbegu za IR54 na baadaye SARO 5 mpaka sauti ikakauka. Februari 2025 nilipelekwa mafunzoni Higashihiroshima, katika mkoa wa Hiroshima, ambako JICA, shirika la Japani la ushirikiano wa kimataifa, wana kituo chao. Wiki nzima ilikuwa ya mifereji, magugu na hesabu za maji. Jumapili walituacha huru, na katikati ya mji huo kuna mahali panaitwa Saijo.

Ukishuka kituo cha treni cha Saijo hutembei mbali kabla hujaziona dohani. Ni za matofali mekundu, ndefu, kila moja ina jina la kiwanda limeandikwa kwa herufi nyeupe kutoka juu kwenda chini. Kuta za maghala ni nyeupe, mapaa ni ya vigae vyekundu. Viwanda saba vya sake viko pale kwa mwendo wa miguu, vimebanana kama maduka ya vitenge sokoni. Kimoja, Hakubotan, kipo tangu 1675. Kingine, Kamotsuru, ndicho kinachotengeneza sake yenye vipande vya dhahabu ndani ya chupa ambayo Waziri Mkuu Abe alimmiminia Obama mwaka 2014 katika mgahawa mdogo wa sushi mjini Tokyo. Nilivitazama vile vipande vikielea nikasema moyoni, mjukuu wa Kogelo ametangulia kuonja, na mimi wa Kibosho nafuata.

Katika kiwanda kimojawapo nikaingia darasa la kuonja sake. Tulikuwa wanane. Wawili tulitoka mafunzoni, mimi na kijana mmoja wa Laos. Waliobaki walikuwa wasafiri, wakiwamo mume na mke Wajapani waliokuja kwa gari kutoka mkoa mwingine. Ada ilikuwa yeni 3,000 kwa saa moja na nusu. Siku moja kabla tulitumiwa masharti: tusijipulizie manukato, na asubuhi hiyo tusile natto. Natto ni maharage ya soya yaliyochachushwa mpaka yanavutika kama mlenda, na hoteli kule huwekewa wageni kwenye kifungua kinywa. Vijidudu vya natto ni vikaidi sana. Vikiingia na pumzi au nguo ya mgeni kwenye chumba cha kuchachushia wali, vinaweza kuharibu kazi yote. Mama yangu hana neno la vijidudu, lakini siku ya kupika mbege hamruhusu kukoroga mtu aliyetoka kushika sabuni au mafuta ya taa, na ukibisha unafukuzwa jikoni mbele ya wageni. Niliposoma sharti la natto nilicheka peke yangu. Nikajua ninakokwenda kuna wapishi wa kweli.

Mwenzetu mwingine wa mafunzo, Mpemba, alitusindikiza lakini hakuingia, na hakuna aliyemshurutisha. Viwanda vya Saijo vina visima ambavyo watu wa mji huteka maji bure, na wazee huja na madumu yao. Akasema yeye atakaa kisimani, maana maji ndiyo mama wa hiyo pombe na maji hayana dhambi. Baadaye mwalimu wa darasa alimtokea na kikombe cha amazake, kinywaji kitamu cha moto kama uji mwepesi, akamweleza kuwa iko iliyotengenezwa kwa koji, yaani mchele uliooteshwa ukungu, haina kileo, na iko iliyotengenezwa kwa machicha ya sake, hiyo ina kileo kidogo. Hii ni ile ya kwanza. Mpemba akashukuru kwa kuinama vizuri kabisa, akamrudishia kikombe, akaendelea na maji yake. Mwalimu naye akainama. Sijaona watu wawili wakikataliana kwa adabu namna ile.

Mlangoni palining'inia mpira mkubwa wa majani ya mwerezi, umefungwa na kukatwa ukawa duara kamili. Wanauita sugidama. Huwekwa ukiwa kijani sake mpya inapotoka wakati wa baridi, kisha miezi inavyopita unakauka na kuwa kahawia, na mpita njia anasoma kwa rangi hiyo sake imekaa muda gani. Jirani yetu Kibosho alikuwa akichomeka jani la mgomba kwenye fito kando ya njia siku mbege inapoiva. Likinyauka, ujue imekwisha au imechacha, pita kwa wengine.

Sasa nifike kwenye mchele, maana hapo ndipo nilipoadhirika.

Mwalimu wetu, mama wa makamo aliyevaa koti la kiwanda la bluu, alitupa vichupa vya mchele tupitishe mkono kwa mkono. Cha kwanza kilikuwa mchele wa kahawia, umetolewa ganda tu. Cha pili umekobolewa ikabaki asilimia 70 ya punje. Cha tatu imebaki 60. Cha nne 50, na punje zake zilikuwa za mviringo, nyeupe, ndogo, zinateleza kama shanga. Mchele tunaokula huondolewa kama sehemu moja tu ya kumi. Nikainua mkono nikauliza: hiyo nusu nyingine iko wapi? Nilivyouliza, nadhani, ni kama mtu anayemkuta mtoto akimwaga wali jalalani. Darasa likacheka. Kwa miaka yote nimewafundisha wakulima kupunguza chenga kinuni na mashinani, nikapima hasara kwa gramu, halafu hapa mtu ananionyesha kwa fahari mchele ulionyolewa nusu.

Akanijibu kwa upole. Unga unaotoka hautupwi. Unakwenda kwenye biskuti za mchele, kwenye chakula cha mifugo na kadhalika. Na sababu ya kukoboa ni kwamba mafuta na protini za mchele zimekaa upande wa nje wa punje, ilhali wanga umekaa ndani. Kwenye wali hayo mafuta ni ladha. Kwenye sake yanaleta ukakasi na kuifunika harufu. Mpunga wa sake wenyewe ni wa kuchagua, una kiini cheupe katikati kinachoonekana kwa macho, na maarufu kuliko yote ni Yamada Nishiki, uliopewa jina hilo mwaka 1936 huko Hyogo. Nikauliza urefu wake. Ni mrefu, akasema, na unalala upepo ukivuma. Ee! Kama supa ya kwetu. Mpunga mtamu una kiburi popote ulipo.

Kukoboa mpaka nusu kunaweza kuchukua siku mbili za mashine, taratibu, punje zisipate moto zikapasuka. Na mashine ya kwanza ya Japani ya kukoboa kwa nguvu ya injini ilitengenezwa hapohapo Saijo mwaka 1896 na mtu aitwaye Satake Riichi. Jina la Satake nimelisoma ubavuni mwa mashine maisha yangu yote ya kazi bila kujua kuwa lilianzia kwenye tamaa ya pombe nzuri.

Majina marefu kwenye chupa, ambayo mwandishi wenu aliyaita "madoido", yanatokana na vile vichupa. Ginjo maana yake punje imebaki asilimia 60 au chini ya hapo. Daiginjo ni 50 au chini ya hapo. Ukiona neno junmai, ujue ni mchele, koji na maji tu, hakuna kileo cha pembeni kilichoongezwa. Hayo matatu yanatosha kumfikisha mtu dukani na kumrudisha salama.

Kisha koji. Hapa naomba subira ya msomaji, maana ndipo undugu wa sake na mbege ulipo.

Chachu haili wanga. Inakula sukari, inatoa kileo. Mchele ni wanga mtupu, kwa hiyo ukiutia maji na chachu utapata wali uliooza. Lazima kitu kiuvunje wanga kuwa sukari kwanza. Wajapani hutumia ukungu. Wanapika mchele kwa mvuke, wanautandaza kwenye chumba chenye joto kilichozungushiwa mbao za mwerezi, wanaunyunyizia mbegu za ukungu huo kama unga wa kijani, wanaugeuza na kuulinda usiku na mchana kwa siku kama mbili mpaka kila punje inavaa manyoya meupe na kuwa tamu. Hiyo ndiyo koji. Tulipewa punje chache tutafune. Ladha yake ni ya njugu mawe zilizochemshwa zikatiwa sukari kidogo, kama mtu anaweza kuwaza hivyo.

Koji huchanganywa na wali, maji na chachu, na hapo sukari inatengenezwa na kuliwa ndani ya pipa hilohilo, kwa wakati uleule. Hawatii vitu vyote siku moja. Wanatia mara tatu kwa siku nne, na siku ya pili hawaongezi kitu, wanaiacha chachu iongezeke. Siku hiyo wanaiita odori, yaani ngoma. Pipa linacheza. Halafu ni wiki tatu hadi tano za kungoja kwenye baridi, ndipo kukamua.

Mwalimu akauliza kama yuko mtu ambaye kwao wana pombe ya nafaka. Kijana wa Laos akaeleza yake ya mchele wa kunata. Mimi nikasimama nikaeleza mbege. Nilianza vibaya, nikiona haya, nikisema ni pombe ya kienyeji tu. Akanisimamisha: tu, kwa nini? Basi nikaeleza vizuri. Tunavundika ndizi mpaka ziive zilainike. Tunazimenya, tunazichemsha muda mrefu mpaka zinageuka rangi ya udongo mwekundu. Tunaziacha siku kadhaa zichachuke, tunachuja. Ulezi tunaulowesha, tunauotesha, tunauanika, tunausaga kuwa kimea, tunaupika uji. Uji na maji ya ndizi vinakutana, gome la msesewe linatia uchungu, na kesho yake watu wanakaa. Yule mama akachora ubaoni: koji upande mmoja, kimea upande mwingine. Akasema mbegu ya ulezi ikiota inajivunjia wanga wake yenyewe. Halafu akanyamaza kidogo akaongeza upande wa tatu akachora ndizi, kwa kuwa ndizi ikivundikwa wanga wake nao hugeuka sukari bila kuombwa na mtu. Kwa hiyo nyinyi, akasema, mnatumia njia mbili ndani ya chungu kimoja.

Mhariri, nimesoma kilimo chuoni na sijawahi kumsikia mtu akimweleza mama yangu hivyo.

Kuonja kwenyewe kulifanyika kwenye vikombe vya kaure nyeupe ambavyo chini vimechorwa duara mbili za bluu, moja ndani ya nyingine. Wanaziita jicho la nyoka. Weupe unakuonyesha kama sake ina umanjano, na ukingo wa bluu unakuonyesha kama ni angavu au ina ukungu. Unatazama kwanza. Unanusa. Unachukua funda dogo, unalizungusha ulimini, unavuta hewa kidogo kwa mdomo na kuitoa puani. Halafu unatema kwenye ndoo.

Hapo kwenye kutema nilishindwa. Kwetu anayemimina huonja kwanza mbele ya wageni, kisha mgeni akipewa kata anakunywa. Ukitema pombe ya mtu mbele yake, umeanzisha kesi itakayofika kwa wazee. Nilimeza cha kwanza na cha pili. Cha tatu mwalimu akanisogezea ndoo na glasi ya maji bila kusema neno. Maji hayo yana jina, yawaragi mizu, maji ya kulainisha, na sheria yake ni kunywa maji angalau kama ulivyokunywa sake. Nikatema, nikaomba radhi kwa Kikibosho, nadhani sake ilinisikia. Yule Mjapani aliyekuja na gari hakuonja kabisa. Alinusa vikombe vyote vitano kwa makini, mkewe akaonja, na yeye akapewa maji. Sheria yao haimwonei huruma dereva, na abiria anayepanda gari la mlevi akijua naye ana kesi. Wasomaji wanaopanda bodaboda usiku watanielewa bila mimi kuandika zaidi.

Kikombe cha kwanza kilikuwa cha kawaida, kina harufu ya wali wa moto. Cha pili sikumbuki sana. Cha tatu, daiginjo, nilikinusa nikaweka chini, nikakinusa tena. Mwalimu akauliza kila mtu anapata harufu gani. Mmoja akasema tofaa. Mmoja akasema maua. Mimi nikasema ndizi. Nilidhani watacheka, Mchagga na ndizi zake. Mwalimu akafurahi mpaka akapiga makofi: ndizi na tofaa ndizo harufu mbili kubwa za ginjo, zinatengenezwa na chachu inapofanya kazi polepole kwenye baridi, na ya ndizi ni kemikali ileile iliyo kwenye ndizi yenyewe. Halafu akaniuliza kama mzaha, ndizi gani?

Sikujibu haraka. Japani ndizi ni moja, ya njano, inatoka Ufilipino kwenye mfuko wa nailoni. Nikanusa mara ya tatu. Haikuwa mchare, mchare mbichi una harufu ya majani. Haikuwa ndizi ya mkungu ulioning'inizwa. Ilikuwa kisukari, na si kisukari cha siku ya kwanza. Ni kile kilichovundikwa chini ya magunia, siku ya nne, ganda likianza madoa, asubuhi unapofunua gunia kabla hewa haijaingia vizuri. Nikasema hivyo kwa Kiingereza changu cha semina, nikisaidiwa na mikono. Yule mama akaandika kwenye daftari lake. Kwa mara ya kwanza tangu nifike Japani, kuna mtu aliandika nilichosema mimi.

Cha nne alikipasha moto mbele yetu, kibuyu kidogo cha kaure ndani ya maji ya moto, akipima kwa kipimajoto. Joto la sake lina majina, na majina yenyewe ni mazuri kuliko sake ya kikombe hicho: nyuzi 5 ni baridi ya theluji, 10 ni baridi ya maua, 30 ni joto la jua, 35 ni joto la ngozi ya mtu. Cha tano kilikuwa sake ambayo haijatiwa maji, inafika asilimia 18 hadi 20. Kumbe sake nyingi hutiwa maji mwishoni ishuke mpaka 15 au 16, tena wanakuambia wazi. Kwetu mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Hawa wanatia kwanza, wanakiri, ndipo wanasubiri sifa.

Kipimo walichotupa cha kukumbuka darasa kilikuwa masu, kisanduku cha mbao cha mililita 180. Zamani kilikuwa cha kupimia mchele, kama kibaba chetu, kabla hakijageuzwa cha kunywea. Nimekiweka ofisini, nakitumia kupimia mbegu za maonyesho, na hakuna anayejua kilikotoka.

Nataka niseme na lisilopendeza, nisije nikaonekana nimerudi na Japani kichwani. Kule mama yangu angekuwa mhalifu. Kutengeneza pombe yoyote nyumbani inayofikia asilimia moja ya kileo bila leseni ni kosa, na marufuku ya kujipikia sake nyumbani ni ya tangu 1899, serikali ilipokuwa inataka kodi. Leseni ya kawaida ya sake inataka utengeneze angalau lita 60,000 kwa mwaka. Wakulima walikuwa na pombe yao nzito isiyokamuliwa, doburoku, ikaishi kwa kujificha, na ni mwanzoni mwa miaka ya 2000 tu ndipo maeneo maalumu yaliporuhusiwa kuitengeneza tena. Na kwa muda mrefu wanawake hawakukaribishwa kwenye maghala ya sake. Siku hizi wapo. Huko Akitsu, pwani ya Higashihiroshima hiyohiyo, mpishi mkuu wa kiwanda kimoja ni mwanamke, Imada Miho, ambaye BBC ilimtaja kwenye orodha yake ya wanawake 100 mwaka 2020. Amefufua mpunga wa zamani wa Hiroshima, Hattanso, uliokuwa umeachwa. Hilo ndilo lililonifanya nitamani kumwona kuliko dhahabu ya Kamotsuru, lakini Jumapili ilikuwa moja.

Akitsu pia ndiko alikotoka Miura Senzaburo. Maji ya kule ni laini mno, hayana madini ya kutosha kuiamsha chachu, na sake yao ilikuwa ikiharibika, ilhali wenzao wa Nada, eneo jingine la sake lenye maji magumu, walikuwa wanatajirika. Miura akatafuta njia ya kuchachusha polepole kwa baridi, akaiandika na kuisambaza mwaka 1898 badala ya kuifungia sandukuni, na kwenye mashindano ya kwanza ya taifa mwaka 1907 sake ya Hiroshima ikashika nafasi za juu. Leo ujuzi wote huu wa koji uko kwenye orodha ya urithi ya UNESCO, tangu Desemba 2024, miezi miwili kabla sijafika.

Sasa labda Mhariri unaona kwa nini neno "gongo" lilinikaa vibaya. Nikiwa darasa la tano, msako wa gongo ulifika kihambani kwetu. Mama alikuwa amepika mbege ya kumwolea mjomba. Waliokuja hawakuuliza. Walinusa, wakasema gongo hiyo, wakapindua pipa zima kwenye mtaro wa migomba. Mama hajawahi kukeneka kitu maishani mwake. Harusi ilifanyika kwa soda, na wazee wa upande wa pili waliikumbusha kwa miaka. Kwa hiyo mtu anapochukua kitu kilichochachuka siku nyingi kwa mikono ya watu wanaojua wanachofanya na kukiita gongo kwa sababu tu hakijui, mimi nasikia pipa likipinduka.

Naomba masahihisho, hata yawe mstari mmoja pembeni ya matangazo ya viwanja. Na mwandishi wenu akipita tena Hiroshima, treni ya kwenda Saijo haifiki saa nzima. Asile natto.

Mimi nilirudi na kile kikombe cha jicho la nyoka, nimekizungushia soksi ndani ya begi. Nilimpelekea mama Kibosho. Ana miaka 83 na haoni vizuri, lakini zile duara aliziona, akauliza haya macho ni ya nini. Nikamweleza, mama, ni jicho la nyoka, Wajapani wanaangalia kama pombe yao ni safi. Akasema hebu. Akachota mbege kwenye pipa, akamimina mpaka ukingoni, akainamia kikombe akitafuta. Mbege ni nzito; duara zilizama zote mbili papo hapo.

"Nyoka amelala," akasema, akaonja, akanipa.

Wako,
Bibi Shamba,
Chekereni, Moshi